Kapu, Rambo na Mto Lumemo

Kwetu Ifakara, mfuko wa plastiki wenye masikio mawili uliitwa rambo. Mtoto akitumwa dukani aliambiwa aombe sukari nusu na rambo moja. Mgonjwa akilazwa, nguo zake zilifuata kwenye rambo. Maelezo niliyoyasikia tangu utotoni ni kwamba mifuko ya mwanzo iliyoenea nchini ilichapwa picha ya yule askari wa filamu za Rambo, kifua wazi, kitambaa kichwani, bunduki mkononi. Picha ilifutika, jina likabaki. Wakenya waliita juala, Waganda wakaita kaveera, sisi tukabaki na Stallone.

Nimeanza na jina kwa sababu jina linatupa tarehe. Filamu ya kwanza ya Rambo ilitoka mwaka 1982 na ya pili mwaka 1985. Kwa hiyo kitu tulichokiona cha kawaida kama jua hakikuwa na umri mkubwa bondeni. Wazee wetu waliishi sehemu kubwa ya maisha yao bila rambo, wakanunua samaki, wakauza mchele, wakasafiri, wakaoa na kuzika. Serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba mifuko ya plastiki basi, vijana wenzangu waliuliza, "Sasa tutabebea nini?" Swali hilo lina majibu ya zamani, na mengine si matamu kama tunavyopenda kuyasimulia.

Bonde la Kilombero ni nchi ya maji na majani. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa, upande mwingine nyanda za juu za Mahenge, na katikati uwanda mpana unaofurika kila masika. Mwaka 2002 ardhi oevu hii, karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Watu wa maji, Wandamba, walivua kambale na perege kwa migono iliyosukwa kwa mikono. Mpunga ulitembea kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Mkeka ulikuwa kitanda, jamvi lilikuwa uwanja wa kuanikia, kanda la majani lilibeba nafaka, tenga lilibeba kuku, na kapu lilibeba vilivyobaki. Ukiviangalia vyote hivyo, ni majani yaliyosukwa.

Bibi yangu mzaa mama alisuka. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huchanwa, huanikwa juani mpaka yakapauka, mengine yakatiwa rangi. Halafu yanasukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa kama mkanda, na mwisho ukili unazungushwa na kushonwa mpaka kapu linasimama. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kapu moja linachukua siku ngapi.

"Mjukuu wangu, kapu halina siku," alinijibu. "Linasukwa ukikaa."

Miaka mingi baadaye ndipo nilipolielewa jibu lile. Bibi alikuwa hakai. Alilima, alitwanga, alichota maji, aliuguza. Kapu lilisukwa katika mapengo ya kazi nyingine, na saa zile hakuna aliyezihesabu wala kuzilipa. Kwa hiyo ninapowasikia vijana wa mjini wakisema turudi kwenye kapu la asili, huwa nauliza nani atakaa alisuke, na kwa bei gani.

Plastiki ilikuwa imeshaugusa mkoa wetu kabla ya rambo. Mkoa wa Morogoro ulikuwa na mashamba makubwa ya katani, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha karibu tani 230,000 za katani kwa mwaka, na hakuna nchi nyingine duniani iliyoifikia. Katani ilikuwa kamba za meli, kamba za kufungia majani ya mifugo Ulaya, na magunia. Kisha wenye viwanda wakapata kamba ya polipropilini, ambayo ni plastiki, nyepesi, haiozi, na ya bei ndogo. Bei ya katani ikaanguka. Utaifishaji na usimamizi mbovu vikaongeza mzigo, lakini pigo la mwanzo lilitoka kiwandani Ulaya na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Ukipita Kilosa na Kimamba na kuyaona mashamba yaliyogeuka vichaka, unaiona kazi ya plastiki mahali ambapo hakuna mfuko hata mmoja uliotupwa.

Mfuko wenyewe ulikuja kwa njia nyingine. Polithini iligunduliwa kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Miaka ya 1960 Msweden Sten Gustaf Thulin akabuni namna ya kukata na kuunganisha bomba la polithini ili litoke mfuko mmoja wenye masikio, usio na mshono wa pembeni. Hataza ilitolewa mwaka 1965. Mwanawe amewahi kueleza kwamba baba yake aliutaka mfuko unaodumu, utakaopunguza ukataji wa miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mmoja ameukunja mfukoni. Hakuna aliyedhani kwamba ungetumika kwa dakika kumi na kutupwa.

Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 haikuwa na cha kutupa. Sabuni ilikuwa ya kugawiwa, sukari ya foleni, na aliyekwenda duka la ushirika alikwenda na chombo chake. Baada ya mwaka 1985, enzi ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, milango ya biashara ilifunguliwa na watu wakamwita Mzee Ruksa. Mitumba ikaingia, redio zikaingia, na mifuko myepesi ikaingia pamoja navyo. Ifakara ilikuwa tayari kuipokea, kwa kuwa ni mji wa soko. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inashusha watu na mizigo hapa, na mchele wa bonde unatafutwa hadi Dar es Salaam.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona likisemwa sana kuhusu rambo: iliwaingiza wanaume sokoni. Kapu linataka mpango. Ukitoka na kapu asubuhi maana yake unajua utanunua nini jioni, na anayejua hivyo nyumbani kwetu alikuwa mama. Tena kapu lilikuwa na jinsia. Mwanamume aliyetembea nalo alichekwa kijiweni. Rambo ilivunja aibu hiyo. Mtu ametoka kazini kiwandani Kidatu au shambani, amepita sokoni mikono mitupu, na anafika nyumbani na nyanya, dagaa na mkate. Hakuhitaji kujipanga, wala kubeba chombo cha mkewe. Nasema haya kwa sababu tusipokubali kwamba mfuko ule ulikuwa na faida ya kweli, hatutaelewa kwa nini ulichukua nchi nzima kwa miaka michache.

Hasara yake tuliiona kwenye maji. Mji wa Ifakara uko tambarare, na Mto Lumemo unapita ubavuni mwake ukitoka Udzungwa kwenda Kilombero. Mvua kubwa ikinyesha milimani, Lumemo hutoka kwenye kingo na kuingia mitaani. Mitaro ni michache na haina mteremko wa kutosha, hivyo kinachoingia humo hukaa. Rambo ziliingia, zikajazwa mchanga, zikawa kizibo. Maji yalipopungua zilibaki zimening'inia kwenye michongoma kama nguo zilizoanikwa. Zile zilizopita zilikwenda mbali. Lumemo unaingia Kilombero, Kilombero unaipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Rufiji unaishia kwenye mikoko ya delta, ukitazama Mafia. Mfuko uliotupwa stendi ya Ifakara una njia ya wazi hadi baharini.

Katika mji huu huwezi kutaja maji yaliyotuama bila kutaja mbu. Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria tangu Waswisi walipoweka maabara ndogo hapa miaka ya 1950, iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa akieleza kwamba mifuko iliyotupwa hushika maji ya mvua na kuwa mazalia ya mbu wa malaria. Hoja hiyo ilisambaa sana, hata kwenye mikutano ya mitaa. Lakini watafiti wa hapahapa wanatufundisha kuwa waangalifu zaidi. Mbu anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni ni Anopheles funestus, naye hupenda maji ya kudumu yenye mimea, kama visima vya wazi na kingo za vijito. Mtaro mchafu ulioziba ni nyumba ya Culex, anayetunyima usingizi na anayeweza kueneza matende. Maji kidogo ndani ya mfuko au kopo yanamfaa zaidi Aedes, mbu wa homa ya dengi. Kwa hiyo kuondoa rambo hakukuwa dawa ya malaria, ingawa waliotuambia tuiache walikuwa na sababu nyingine za kutosha.

Harakati za kuiacha hazikuanza mwaka 2019. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2002, baada ya mafuriko ya mwaka 1988 na 1998 kuonyesha jinsi ilivyoziba mifereji ya Dhaka. Zanzibar, kisiwa kinachoishi kwa bahari na watalii, ilichukua hatua mwaka 2006. Rwanda ilifuata mwaka 2008. Kenya ilijaribu mwaka 2007 na tena mwaka 2011, ikakwama, mpaka mpiga picha wa Nakuru, James Wakibia, alipoanza kupiga picha za takataka za mji wake na kuwahimiza wananchi mtandaoni wadai marufuku. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya Kenya ilianza kutumika, na adhabu zake zikatajwa kuwa kali kuliko za nchi yoyote.

Bara nako kulikuwa na majaribio. Mwaka 2006 Makamu wa Rais wa wakati ule, Dkt. Ali Mohamed Shein, alitangaza hatua dhidi ya mifuko myembamba. Mwaka 2015 kanuni zikataka mfuko usiwe na unene chini ya maikroni 50. Kwa karatasi ilikuwa hatua nzuri. Kwa soko la Ifakara haikuwa kitu, kwa sababu hakuna mgambo, mwenyekiti wa mtaa wala muuza vitunguu anayeweza kupima maikroni kwa macho. Sheria iliyohitaji kipimo cha maabara iliachwa mikononi mwa watu wasio na kipimo. Rambo ziliendelea.

Kilichobadilika mwaka 2019 ni kwamba sheria ilionekana. Tarehe 9 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Dodoma kwamba kuanzia tarehe 1 Juni mifuko yote ya plastiki ya kubebea bidhaa itakuwa marufuku, mizito kwa myepesi. Kanuni zikaweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, kwa anayekutwa nao. Muuzaji aliwekewa shilingi 100,000 hadi 500,000, na mtengenezaji shilingi milioni 20 hadi bilioni moja. Watu waliamini, maana miaka miwili nyuma, Machi 2017, walishaona pombe za viroba, zile za pakiti ndogo, zikitoweka madukani. Sasa kila mtu alikuwa na kipimo: ukiona masikio mawili ya plastiki, ni kosa.

Hapo ndipo mtaa ulipoingia. Siku 53 kati ya tangazo na marufuku hazikuwa nyingi, lakini mtaani kwetu zilitumika. Mwenyekiti aliitisha kikao chini ya mwembe. Tulizoea tayari usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na akina mama wa kikoba chetu wakakubaliana kwamba Jumamosi ile ya Mei wasizoe majani, wazoe rambo tu. Tulifukua mtaro mmoja kuanzia msikitini hadi barabarani. Zilitoka zimegandana kama kurasa za kitabu kilicholowa, tabaka juu ya tabaka, na za chini bado zilikuwa na rangi zake. Mzee mmoja aliyesimama na jembe alisema, "Huu mtaro tulichimba kina cha kiuno, jamani. Leo umefika kwenye goti." Hakuna hotuba iliyofanya kazi kuliko kauli ile.

Tarehe 1 Juni ilikuwa Jumamosi, siku ya soko kuchangamka. Wauza samaki walikuwa na majani ya migomba. Muuza karanga alikuwa amekunja magazeti kuwa bahasha. Makapu yalitoka uvunguni mwa vitanda, mengine yana panya. Niliwaona wanaume watatu na makapu, na hakuna aliyecheka, pengine kwa sababu faini ilikuwa inachekesha zaidi. Kwa muda mfupi ilionekana kama tumerudi kwa bibi.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na hesabu nyingine. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa wale vijana waliouza mifuko sokoni kwa sauti, mmoja shilingi 50, mkubwa 100. Ilikuwa biashara ya mtaji mdogo kuliko zote. Ungeweza kuianza na noti moja ya elfu tano. Ile mbadala, laini kama kitambaa na za rangirangi, zilimgharimu mara nne hadi tano. Mteja aliyekuwa ananunua rambo kila siku akanunua mfuko mmoja akaufua. Kwa mazingira, huo ulikuwa ushindi. Kwa mdogo wangu, ulikuwa mwisho wa kazi, na hakuna mahali kwenye kanuni palipomtaja. Aliuza maji ya chupa kwa muda, halafu akaenda kulima mpunga wa kukodi ng'ambo ya mto. Siilaumu sheria kwa hilo. Nataka tu, tunaposema marufuku ilifanikiwa, tuseme pia ilifanikiwa kwa gharama ya nani.

Halafu kuna hiyo mifuko mbadala yenyewe. Tunaiona kama kitambaa, lakini mingi ni polipropilini, ileile iliyoangusha katani, safari hii ikiwa nyuzi zilizobanwa kwa joto. Shirika la Viwango, TBS, lilitaka iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba ili idumu, na hapo tukarudi kwenye tatizo la maikroni, kwa kuwa jicho halipimi gramu. Mifuko myepesi isiyofika kiwango ilijaa, ikachanika baada ya safari mbili, na nyuzi zake zikaingia mtaroni.

Na plastiki laini haikuondoka yote. Kanuni ziliruhusu vifungashio vya bidhaa, na ilikuwa lazima, kwani mkate, dawa na mbegu vinahitaji kufungwa. Basi ule mfuko mwembamba mweupe usio na masikio ukashuka kutoka kufunga hadi kubeba. Nyanya za shilingi 500 zinatiwa humo, dagaa humo, maandazi humo, maharage yaliyochemshwa humo. Mwaka 2021 Serikali ilitoa onyo na muda wa mwisho kwa vifungashio vinavyogeuzwa vibebeo. Vinapungua msako ukipita, vinarudi ukienda. Sababu ni ileile: kitu kimoja kikiwa halali mezani na haramu mkononi, mgambo atakamata nini?

Ukipanga historia hii yote mstari mmoja, unaona kwamba mfuko uliondoka pale ambapo mambo mawili yalikutana. Kosa lilionekana kwa macho ya kila mtu, na watu walikuwa na kingine cha kubebea. Masikio mawili yalionekana, na kapu lilikuwepo, kwa hiyo rambo ikaondoka. Kwa dagaa wabichi wa shilingi 500 hakuna kinachofaa isipokuwa chombo chenye mfuniko ulichotoka nacho nyumbani, na desturi hiyo hatujaijenga. Itajengwa na muuzaji akianza kuuliza, "Umekuja na chombo, mwanangu?" na mnunuzi akiona haya kujibu hapana. Haya ya namna hiyo ndiyo iliyowaongoza bibi zetu, kabla hatujajua neno kanuni.

Siku hizi, tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe juu ya Kilombero mwaka 2018, biashara ya Mahenge na Malinyi inapita hapa bila kungoja kivuko. Watu wanaongezeka, na kila anayeongezeka anabeba kitu. Wasusi wamebaki wachache, na kapu zuri la ukindu sasa linauzwa kwa wageni kuliko kwa wenyeji. Nikiulizwa ningependa halmashauri ifanye nini, nitasema mambo mawili madogo: iwalipe akina mama bei inayolingana na siku walizokaa kusuka, na iwape vijana kama mdogo wangu mtaji wa kuyauza makapu hayo palepale walipouza rambo. Mtaro wetu wa msikitini una kina cha kiuno tena, kwa sasa. Masika ijayo utatuambia tumetupa nini humo.